Nukta tatu zilizomeza sifuri zangu

Nilikuwa nimebakiza kubonyeza kitufe kimoja tu. Programu ya benki ilikuwa imeshanionyesha jina la mpokeaji, imeshapokea namba ya siri, na sasa ilikuwa imefungua ukurasa wa mwisho, ule wa kuthibitisha. Jina lilisomeka bila shida, herufi nono kama za bango. Chini yake ndipo palipotakiwa kuwa na kiasi cha fedha. Nikaona tarakimu mbili, mkato, sifuri moja, kisha nukta tatu.

Nukta tatu, kana kwamba programu inaniambia "na kadhalika". Hela haina na kadhalika. Nilichotaka kujua ni kama baada ya ile sifuri zinafuata mbili au zinafuata tano, na hicho hasa ndicho kilichofichwa. Nikailaza simu ubavu ili skrini igeuke, haikugeuka. Nikapanua kwa vidole viwili, ukurasa ukanitazama tu. Kitufe cha kuthibitisha nacho kilikuwa kimesukumwa chini hadi kikazama, kimebakiza kichwa tu kama kiboko mtoni, na ukurasa wenyewe haukukubali kusogezwa juu.

Nikaghairi ule muamala, nikavaa miwani, nikakaa kitako kumtafuta mchawi. Mchawi nilikuwa mimi.

Miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimechoka kupigana na herufi. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, na ikishakakamaa haiwezi tena kujitunisha vizuri ili ione cha karibu. Wengi huanza kulihisi hilo wakishavuka miaka 40. Dalili ya kwanza ni mkono: unaanza kuipeleka simu mbali, kidogo kidogo, mpaka siku moja mkono unaisha. Miwani ninayo, lakini miwani ya kusomea ina tabia ya kuwa chumba kingine kila unapoihitaji. Basi siku moja, kwa hasira, nikaingia kwenye mipangilio nikavuta kitelezi cha ukubwa wa maandishi.

Kwenye iPhone maandishi ya kawaida ya aya yana ukubwa wa pointi 17. Kitelezi cha kawaida kinaishia 23. Ila ukiingia upande wa Ufikivu, yaani mipangilio ya kuwasaidia wenye shida ya kuona, kusikia au kugusa (neno hili nimeliazima kwenye Android ya Kiswahili, ni baridi kidogo, lakini sina bora) ukaruhusu saizi kubwa zaidi, zinaongezeka ngazi tano nyingine, na ya juu kabisa ni pointi 53, zaidi ya mara tatu ya ile ya kuanzia. Mimi nilisimama kwenye 40. Nikafungua ujumbe wa kwanza nikausoma nikiwa nimeegemea kiti, mkono umepinda kama wa binadamu wa kawaida. Nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Raha ile ilidumu kwenye ujumbe tu. Programu ya hali ya hewa, ambayo zamani ilinionyesha siku nzima kwa mtazamo mmoja, ikawa inanionyesha saa mbili na robo ya ile ya tatu. Orodha ya nyimbo ikawa majina nusu nusu, na nyimbo nne tofauti zikaanza kufanana kwa sababu zote zilikatwa palepale. Ramani, ambayo ndiyo niliyokuwa nimeikusudia, haikubadilika hata kidogo. Majina ya barabara yalibaki sisimizi. Na benki ikaja na nukta tatu zake.

Nilichokuwa nimefanya ni kuivisha simu nzima shati la saizi moja. Ukitafakari, hakuna nyumba inayojengwa na swichi moja ya taa. Mahali pa kusomea pana mwanga wake, pa kulala pana wake, na mtu anayekesha kusoma halazimishi wenzake walale taa ikiwaka. Simu ina kazi nyingi kuliko vyumba vya nyumba yoyote, na jicho halifanyi kazi ileile kwenye kila moja. Kusoma aya tatu za rafiki anayesimulia ugomvi wa kazini ni kazi moja. Kukagua tarakimu saba ni kazi nyingine kabisa. Kutazama picha haihitaji herufi kubwa hata chembe. Herufi kubwa pale zinakula nafasi ya picha.

Jibu lilikuwa limekaa kwenye simu yangu muda wote. Tangu iOS 15 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone), iliyotoka mwaka 2021, chini kabisa ya ukurasa wa Ufikivu kuna sehemu ya mipangilio ya kila programu kivyake. Nasema chini kabisa kwa sababu ni chini kabisa: unasogeza, unasogeza, unapita kuona, kusikia, kugusa, unadhani ukurasa umekwisha, ndipo unaikuta. Ndani yake mwanzoni ni tupu. Unaongeza programu unayoitaka, unaigusa, na unapata orodha fupi ya mambo ambayo programu hiyo peke yake inaweza kuyafuata: ukubwa wa maandishi, unene wake, utofautishaji wa rangi, mwendo, kugeuza rangi, video kujicheza zenyewe na mengine machache. Hata skrini ya mwanzo, ile yenye aikoni, na mipangilio yenyewe unaweza kuviingiza humo kama programu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mengi ya hayo hayana hali mbili, yana tatu. Unaweza kuwasha, unaweza kuzima, au unaweza kuiacha programu ifuate simu. Hiyo ya tatu ndiyo yenye akili. Maana yake ni kwamba siku ukibadili mawazo kuhusu simu nzima, programu ulizoziacha zifuate zitafuata, na zile chache ulizozipa amri yake zitabaki na amri yake.

Benki ndiyo niliyoanza nayo. Nikairudisha kwenye ukubwa wa kawaida, yaani 17, yenyewe tu. Nikaufungua tena ule ukurasa wa kuthibitisha: tarakimu zote zikarudi, kitufe kikatoka majini. Lakini nikabaki na tatizo la mwanzo, herufi ndogo. Hapo nikajifunza jambo ambalo sikulitegemea. Nikawasha maandishi manene na utofautishaji wa juu kwa benki peke yake, na herufi zilezile za 17 zikasomeka, bila kupanuka kiasi cha kuvunja mpangilio. Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba shida yangu ni udogo. Kumbe nusu ya shida ilikuwa ukijivu.

Huu ukijivu una kesi ya kujibu. Wabunifu wa programu wana mapenzi ya ajabu na herufi za kijivu juu ya nyeupe. Tarehe ni kijivu, maelezo ni kijivu, ada wanazokukata ni kijivu zaidi kuliko vyote. Miongozo ya ufikivu inayotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka uwiano wa utofautishaji, yaani pengo la mwanga kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake, usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu ni 21 kwa 1, kwa hiyo nafasi ya kuchezea ipo tele. Kijivu chenye msimbo #767676 kinapita mtihani juu ya nyeupe kwa unywele. #777777, ambacho jicho haliwezi kukitofautisha na kile cha kwanza, kinafeli. Na #999999, kipenzi cha wengi, hakifiki hata 3. Mtu wa miaka 25 mwenye skrini mpya na mwanga umepandishwa juu anakisoma vizuri, anaidhinisha, anakwenda zake. Sisi wengine tunakutana nacho juani.

Miongozo hiyohiyo inasema pia kwamba maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maudhui wala kazi. Ile nukta tatu ilikuwa upotevu wa maudhui waziwazi. Kwa nini hutokea? Kwa sababu mtu aliyechora ule ukurasa alichora kisanduku chenye upana na kimo maalumu, akaweka kiasi cha mfano ndani, kikakaa vizuri. Herufi zikikua, kisanduku hakikui nazo, na simu inalazimika kukata. Angeruhusu kisanduku kirefuke, au kiasi kishuke mstari wa pili, tusingekuwa na hadithi. Apple imewapa watengenezaji wa programu mfumo wa herufi zinazokua na mapendeleo ya mtumiaji tangu iOS 7, mwaka 2013. Android ina vipimo viwili, dp na sp, na sp imewekwa kwa ajili ya herufi hasa: inafuata ukubwa aliouchagua mwenye simu. Anayeandika herufi zake kwa dp amezitia pamba masikioni.

Hiyo pia ndiyo sababu ya sisimizi wa kwenye ramani yangu. Mpangilio wa kila programu hauwezi kumlazimisha asiyesikiliza. Unamwambia tu, akitaka anasikia. Na maandishi yaliyo ndani ya picha hayasikii kamwe: tangazo lililopigwa picha, ratiba iliyotumwa kama picha, ile barua ya ofisini iliyoskaniwa ikiwa imeinama kidogo. Kwa hayo kuna kikuzaji cha skrini, kile cha kugusa mara tatu, ambacho kipo kwenye iPhone na Android na kinakuza chochote kilicho mbele yake. Kwenye iPhone ni vidole vitatu mara mbili, kabla hujanilaumu.

Kuna njia fupi ninayoipenda kuliko ile ya kuzama kwenye mipangilio. Unaongeza kitufe cha ukubwa wa maandishi kwenye kituo cha udhibiti, ile paneli ya mwanga wa skrini na Wi-Fi. Kisha unafungua programu unayotaka kuirekebisha, unaita paneli, unagusa kitufe chenye herufi A mbili, ndogo na kubwa. Kitelezi kinatokea, kikubwa, na chini yake kuna swichi yenye pande mbili: programu hii tu, au programu zote. Hapo ndipo watu wanapoteleza. Ukisogeza kitelezi kabla hujachagua upande, umebadilisha simu nzima, na hutajua mpaka ufungue programu nyingine ukutane na jitu. Nimelifanya kosa hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa kidole chenyewe huenda chini kwanza.

Baada ya benki nikashikwa na homa ya kurekebisha. Wiki nzima nilikuwa kama mtu aliyenunua bisibisi mpya, anatafuta skrubu hata pasipo na skrubu.

Nilikuwa na programu moja ya zamani ya kuandikia kumbukumbu. Aliyeitengeneza aliitelekeza miaka mingi iliyopita, kwa hiyo haijawahi kusikia habari za mandhari meusi. Ni nyeupe pe, na usiku ukiifungua ni kama kufunguliwa mlango wa friji usoni. Kwenye orodha ya kila programu kuna kugeuza rangi kwa werevu, kitu kilichokuja na iOS 11 mwaka 2017: nyeupe inakuwa nyeusi, nyeusi inakuwa nyeupe, lakini picha zinaachwa kama zilivyo. Nikaiwasha kwa programu ile tu. Maandishi yakapendeza mno. Kisha nikashuka hadi kwenye kumbukumbu niliyokuwa nimebandika picha ya mpwa wangu siku yake ya kwanza ya shule. Meno meusi, nywele nyeupe kama za mzee wa miaka 90, macho mawili yaking'aa kama ya paka gizani. Werevu ule unategemea mtengenezaji awe ameweka alama kwamba hii ni picha, isiguswe, na huyu wangu alishaondoka zamani. Nimeiacha hivyohivyo. Picha ya mtoto ipo mahali pengine pia, na usiku ninalala.

Kuhusu mandhari meusi kwenyewe, mimi si muumini. Yalipoingia kwenye Android 10 na iOS 13, mwaka 2019 yote mawili, kila mtu aliniambia yatanipumzisha macho. Kwa video za usiku, sawa. Kwa kusoma habari ndefu, hapana. Skrini ikiwa nyeusi mboni hupanuka, na mboni iliyopanuka huonyesha kasoro zote za jicho. Mwenye konea (kioo cha mbele cha jicho) isiyo duara kamili huona herufi nyeupe zikitoa ukungu pembeni, kama taa za gari kwenye mvua. Mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo programu ya vitabu kwangu ni nyeupe, ya video ni nyeusi, na programu nyingi nzuri siku hizi zina chaguo hilo ndani yake zenyewe, halitegemei simu. Kwenye Android, baadhi ya watengenezaji wa simu wameongeza pia orodha ya programu ambamo unachagua ipi ilazimishwe kuwa nyeusi na ipi iachwe. Ijaribu kwa uangalifu: programu iliyolazimishwa wakati mwingine huishia na maandishi meusi juu ya ukuta mweusi, na hapo hakuna miwani itakayokusaidia.

Mwendo ni jambo nililolipuuza mpaka lilipomkuta mtu wa karibu. Rafiki yangu mmoja alikuwa akishika simu dakika kumi anapata kichefuchefu, na tulimcheka. Chanzo kilikuwa programu moja tu ya habari, ambayo kila ukurasa uliingia kwa kuruka na kila picha iliteleza nyuma ya maandishi kwa kasi yake. Macho yanauambia ubongo kwamba mwili unasogea. Sikio la ndani linasema mwili umekaa. Ubongo usiojua umwamini nani hukupa kichefuchefu, kama kwenye meli. Malalamiko ya namna hiyo yalisikika sana iOS 7 ilipotoka na aikoni zake zilizoelea. Kupunguza mwendo kwa simu nzima hakumpendezi, anapenda simu yake ikichezacheza. Tukapunguza kwa ile programu moja, tukazima na video zinazojicheza, na sasa anasoma habari mpaka mwisho, jambo ambalo sina hakika kama limemfaa.

Kisha nikavuka mpaka. iPhone ina programu ya njia za mkato, ambayo unaweza kuiagiza: programu fulani ikifunguliwa, fanya hivi. Nikaiagiza kwamba nikifungua programu moja ya kijamii, ambayo huwa inanila jioni zangu, simu igeuke kuwa kijivu chote, isiyo na rangi, ili ichoshe. Ilifanya kazi vizuri sana. Ilichosha. Nikaifunga, nikafungua picha za kazi, zote kijivu. Nikafungua kamera, kijivu. Nikaizima simu nikaiwasha, kijivu. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia jamaa yangu mmoja mtaalamu nikimwuliza kama skrini imekufa. Akajibu: "Picha uliyonituma ina rangi zote." Kichujio cha rangi hakiingii kwenye picha ya skrini, kinakaa juu yake. Nilikuwa nimeandika agizo la kufungua, sikuandika la kufunga. Ukitaka kujaribu haya, yaandike yote mawili kwa mkupuo mmoja, kabla hujafungua chochote.

Mama yangu anatumia Android, na huko habari ni nyingine. Android yenyewe, isiyoongezewa kitu na mtengenezaji wa simu, haina orodha kama ile ya maandishi ya kila programu. Ina kitelezi kimoja cha simu nzima. Kwa haki, kitelezi hicho kimeboreshwa: tangu Android 14, mwaka 2023, kinaweza kufika asilimia 200, na kimefunzwa adabu, kwamba maandishi madogo yanakua sana na vichwa vya habari ambavyo tayari ni vikubwa vinakua kidogo, ili ukurasa usipasuke. Lakini simu ya Mama ni ya zamani kidogo, haina adabu hiyo, nami niliisukuma yote hadi mwisho pamoja na ukubwa wa skrini.

Jioni akanipigia.

"Mwanangu, simu imenenepa."

"Inasomeka lakini, Mama?"

"Inasomeka. Ila herufi zimejaa mpaka vitufe havina pa kukaa."

Tukazungumza, tukaagana. Kimya. Kisha nikamsikia anavuta kiti. Nikamwita, akashtuka.

"Bado upo?"

"Nipo, Mama. Hujakata."

"Kitufe chekundu hakionekani."

Tuliagana mara tatu siku hiyo, na mara zote tatu nilikata mimi.

Kesho yake nilikwenda kwake, nikairudisha simu nzima ngazi moja tu juu ya kawaida, kisha nikaingia programu moja moja. Watu hawajui ni programu ngapi zina kitelezi chake ndani. WhatsApp ya Android ina saizi tatu kwenye mipangilio ya gumzo: ndogo, wastani, kubwa. (Ya iPhone haina, inafuata simu, ndiyo maana ile orodha ya kila programu inaifaa.) Telegram ina kitelezi kinachokuonyesha mfano hapohapo unapokivuta, ustaarabu ambao ningependa wengine wauige. Chrome ina kitelezi chake kwa ajili ya kurasa za wavuti, na jirani yake kuna kisanduku kidogo cha thamani: kile kinachoruhusu kukuza ukurasa hata pale mwenye tovuti amekataza. Kwa nini mtu akataze nisikuze ukurasa ninaousoma mimi, kwa macho yangu, sijapata anayeweza kunieleza.

Nilipokuwa humo nikagusa na lugha, maana lugha nayo ni sehemu ya kusomeka. Tangu Android 13, ya mwaka 2022, unaweza kuipa programu moja lugha yake tofauti na ya simu. iPhone ililifanya hilo tangu iOS 13. Simu ya Mama ni ya Kiswahili. Lakini programu yake ya kuhariri picha aliizoea miaka mingi ikiwa ya Kiingereza, na vitufe vyake havisomi, anavitambua kwa umbo: neno fupi kushoto, neno refu kulia. Ilipogeuka Kiswahili maneno yote yakarefuka na yeye akapotea. Tukairudisha Kiingereza, hiyo peke yake, akatulia. Programu nyingine mbili hazikuonekana kabisa kwenye orodha ya lugha, kwa kuwa waliozitengeneza hawakuitangazia simu lugha walizonazo.

Gumzo nikaliweka saizi kubwa. Akasoma ujumbe wa dada yake kwa sauti, wote, pamoja na alama za mshangao. Akaridhika, nikaondoka nikijiona fundi.

Wiki mbili baadaye nikamtembelea, nikaiona simu yake mezani, gumzo limefunguliwa, herufi ndogo kama za awali. Nikadhani masasisho yamefuta kazi yangu. Nikanyoosha mkono nirekebishe.

"Acha hivyohivyo, nimeipunguza mwenyewe," akasema. "Ile kubwa ni ya nyumbani. Juzi nilikuwa kwenye foleni, yule aliyekuwa nyuma yangu akasoma yote. Mpaka akanipa pole ya mgonjwa wetu."

"Sasa ukiwa nyumbani unafanyaje?"

Akaichukua simu, akagusa mara nne bila kutazama, na herufi zikakua. Akagusa tena, zikarudi. Akaiweka mezani, uso chini.

Usiku ule nilifungua orodha yangu ya kila programu. Ujumbe ulikuwa bado kwenye 40, na kwa miezi yote hiyo nilikuwa nikiusoma kwenye gari, nikiwa nimekaa kiti cha mbele.